Je, Wajua? Rada Inayosikiliza Tu

Je, wajua kwamba ipo rada isiyorusha wimbi lolote? Huazima mawimbi ya redio na televisheni ambayo tayari yametanda hewani. Hapa Muganza, kwenye bonde la Bugarama linalopakana na Burundi na Kongo, mawimbi hayo yapo usiku na mchana.

Je, wajua kwamba antena mbili zinatosha? Moja huelekezwa kwenye mnara wa redio, nyingine angani. Ya kwanza hupokea matangazo moja kwa moja; ya pili hupokea mwangwi wake ukitoka kwenye ndege. Mwangwi ukichelewa kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umesafiri mita 300 zaidi.

Je, wajua jinsi ndege inavyotofautishwa na mlima? Simama kando ya barabara lori la saruji likipita huku linapiga honi: likija, sauti ni nyembamba, likishakupita, inakuwa nzito. Christian Doppler alieleza jambo hilo mwaka 1842. Mawimbi ya redio hufanya vivyo hivyo. Mlima na kiwanda cha saruji cha CIMERWA hurudisha mwangwi usiobadilika, na kompyuta huufuta. Kinachosogea ndicho kinachobaki.

Je, wajua udogo wa badiliko hilo? Wimbi la stesheni ya FM 100 hutetema mara milioni 100 kwa sekunde. Ndege inayokwenda uwanja wa Kamembe kwa kilomita 400 kwa saa huongeza au hupunguza mitetemo isiyozidi 75 hivi kwa sekunde.

Je, wajua kwamba mnara wa redio ulikuwepo rada ilipozaliwa? Tarehe 26 Februari 1935, Robert Watson-Watt na Arnold Wilkins waligundua ndege ya kivita aina ya Heyford kwa kutumia mawimbi ya BBC kutoka Daventry, Uingereza. Katika Vita vya Pili vya Dunia, mtambo wa Wajerumani ulioitwa Klein Heidelberg ulifuatilia ndege za Waingereza kwa mawimbi ya rada za Waingereza wenyewe.

Je, wajua kwamba muziki uliochangamka huifaa rada hii kuliko taarifa ya habari? Msomaji wa habari akinyamaza kuvuta pumzi, wimbi la FM hutulia, na umbali wa ndege hupimwa vibaya. Ngoma na magitaa hulijaza wimbi bila kuliachia nafasi ya kutulia. Basi wimbo unaolia jioni kwenye kibanda cha kinyozi huenda umekwisha kugonga ubavu wa ndege na kurudi, ukiwa na habari za ndege hiyo kwa aliyetega antena.