Uzamili wa Kriminolojia: Kazi ya Kuhoji Takwimu za Uhalifu

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanasosholojia wa Marekani Marshall Clinard na mwenzake Daniel Abbott walichunguza mitaa miwili ya watu maskini jijini Kampala. Umaskini ulikuwa kote kuwili, lakini mtaa mmoja ulikuwa na uhalifu mwingi kuliko mwingine. Kama ufukara peke yake ndio unaozaa wezi, tofauti hiyo ilitoka wapi? Kitabu chao cha mwaka 1973 kilielekeza jibu kwenye mahusiano ya watu: penye uhalifu mdogo, wakazi walitembeleana zaidi na kushiriki zaidi shughuli za mtaa wao.

Maswali ya namna hiyo ndiyo shughuli kuu ya kriminolojia katika ngazi ya uzamili. Waombaji wengi hudhani wanakwenda kufundishwa kusoma alama za vidole au kuhoji watuhumiwa. Hizo ni kazi za mpelelezi na za maabara. Mpelelezi humtafuta aliyeiba. Mwanakriminolojia huuliza kwa nini wizi umezidi hapa na si pale, kwa nini vijana wengi huacha uhalifu wakishakua, na kama kifungo kweli humzuia mtu kurudia kosa.

Uingereza, masomo haya yalipata makao ya kudumu mwaka 1959, Chuo Kikuu cha Cambridge kilipoanzisha Taasisi ya Kriminolojia chini ya Leon Radzinowicz, msomi wa sheria aliyezaliwa Poland. Mwaka 1961 taasisi hiyo ilianza kufundisha wanafunzi waliokwisha kuhitimu shahada ya kwanza. Fani hii hukopa kotekote: sheria, sosholojia, saikolojia na takwimu. Mwanafunzi hufika akiwa na mguu mmoja katika fani aliyotoka, kisha hujifunza kusimama katika nyingine.

Mwaka huohuo wa 1961 ulianza utafiti ambao hadi leo husomwa madarasani. Mtafiti Donald West, na baadaye mwenzake David Farrington, waliwafuatilia wavulana 411 wa kusini mwa London tangu wakiwa na umri wa miaka 8 au 9. Walipokaribia miaka 50, asilimia 41 walikuwa wametiwa hatiani mahakamani. Walipoulizwa wenyewe kwa siri, asilimia 93 walikiri kuwahi kutenda angalau aina moja ya kosa. Asilimia 7 tu ndio waliobeba takriban nusu ya makosa yote yaliyoandikwa.

Pengo hilo kati ya 41 na 93 ndilo somo la kwanza la mtafiti. Takwimu za polisi huhesabu yale yaliyofika polisi, yakasikilizwa na yakaandikwa. Mama aliyepigwa na mumewe, shauri likamalizwa na wazee nyumbani, hayumo. Aliyeporwa simu akaona kwenda kituoni kuchukua RB, namba ya taarifa ya polisi, ni kupoteza siku ya kazi, naye hayumo. Kinyume chake, kituo kikifungua Dawati la Jinsia na Watoto la kupokea kesi za ukatili, na watu wakaliamini, idadi ya kesi inaweza kupanda bila ukatili wenyewe kuongezeka. Gazeti litaandika kwamba hali imekuwa mbaya, wakati huenda kilichobadilika ni imani ya waathirika.

Vilevile mwanafunzi hulazimika kuuliza ni uhalifu wa nani unaohesabiwa. Mwaka 1949 mwanasosholojia Edwin Sutherland alichapisha uchunguzi wa makampuni makubwa 70 ya Marekani, akaonyesha kwamba wenye tai na ofisi nao huvunja sheria, tena mara kwa mara. Mchapishaji aliogopa kushtakiwa, na majina ya makampuni yakaondolewa. Toleo kamili lilitoka mwaka 1983, Sutherland akiwa amekwisha kufariki.

Afrika Mashariki haikusubiri kufundishwa kila kitu. Mwaka 1974, Tibamanya mwene Mushanga wa Uganda alichapisha utafiti kuhusu mauaji katika wilaya za Ankole, Kigezi na Toro. Badala ya kujadili maumbile ya Mwafrika, kama walivyofanya baadhi ya waandishi wa kikoloni, aliyachunguza mauaji ndani ya maisha ya jamii: nani alimuua nani, walikuwa na uhusiano gani, na ugomvi ulianzia wapi. Tasnifu ya uzamili inayotaka kuwa na uzito bado huanza kwa maswali ya aina hiyo.

Kazi ya utafiti yenyewe ina milango mingi ya kubisha. Tanzania, vibali vya utafiti husimamiwa na COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Kenya, mtafiti huhitaji kibali cha NACOSTI, tume ya huko ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Anayetaka kuzungumza na wafungwa huomba pia ridhaa ya mamlaka ya magereza. Akishaingia, hukutana na mtihani mgumu zaidi ya karatasi: mfungwa anayehojiwa huku askari amesimama karibu anaweza kusema “ndiyo” bila kuridhia. Anaweza pia kudhani mtafiti atamsaidia kupata rufaa. Kumweleza ukweli kabla ya swali la kwanza, na kulificha jina lake baada ya swali la mwisho, ni sehemu ya taaluma hiyo.

Anayefikiria kujiunga na masomo haya na asome kwanza mtaala, si jina la kozi. Atazame kama unafundisha takwimu, mbinu za mahojiano na maadili ya utafiti, na kama yupo msimamizi aliyewahi kufanya utafiti wa aina anayoitaka. Nazo mamlaka za polisi, mahakama na magereza ziwafungulie watafiti wenye vibali kumbukumbu zao. Adhabu zinazotungwa bila kujua nani anarudia kosa, na kwa nini, hulipiwa kwa fedha za umma na kwa miaka ya maisha ya watu.