Peke yako hadi Likasi: safari ya siku mbili inayopangwa tangu Jumatatu

LUBUMBASHI — Mtu akitoka nyumbani Jumamosi asubuhi na mfuko mgongoni, majirani wanauliza kwanza: nani amekufa? Wakisikia hakuna kilio, wanauliza nani anaumwa. Na wakiambiwa kwamba hakuna kilio, hakuna mgonjwa, hakuna ndoa wala biashara, kwamba mtu anaenda tu Likasi, atalala usiku mmoja na kurudi, wengine wanatikisa kichwa. Msafiri akiwa mwanamke, maswali yanaongezeka.

Maswali hayo yana sababu. Katika jamaa nyingi za Haut-Katanga, pesa ya usafiri hutoka wakati wa shida. Kilio kikitokea, michango inapatikana, gari inakodiwa, watu wanajaa ndani. Kilio kikiisha, kila mtu anarudi kazini bila kuangalia hata mto aliouvuka. Ndiyo maana mkaaji wa Lubumbashi anaweza kufika miaka 40, akiwa amefika Likasi mara nyingi, na asijue kitu cha mji ule isipokuwa makaburi yake.

Siku mbili za kutembea mwenyewe, karibu na nyumbani, zinaweza kubadilisha hilo, na si lazima mtu awe tajiri. Lakini zinataka mpango. Na msingi wa mpango wenyewe ni huu: kusafiri peke yako si kusafiri bila mtu kujua uko wapi. Anayechanganya mambo hayo mawili anajitafutia taabu.

Umbali kwanza

Kosa la kawaida ni kuchagua mahali kwa sababu ya picha. Maporomoko ya Lofoi, ndani ya hifadhi ya taifa ya Kundelungu iliyoundwa mwaka 1970, yanashuka zaidi ya mita 300, na ni kati ya maporomoko marefu zaidi ya Afrika. Picha zake zinavuta macho. Lakini njia ya kule ni ndefu na ngumu, na wakati wa kiangazi maji yanapungua sana. Hiyo ni safari ya kundi la watu, yenye gari la nguvu na siku za kutosha. Mtu mmoja mwenye siku mbili aiweke akiba.

Kipimo ni rahisi: barabara isimeze siku. Kipushi, umbali wa karibu kilomita 30, inatosha siku moja. Mtu anaondoka asubuhi, anaona mji uliozaliwa na mgodi wa shaba na zinki, pale pembeni kabisa ya mpaka wa Zambia, anakula, anarudi kulala kwake. Kwa anayejaribu mara ya kwanza, hapo ni pazuri pa kuanzia. Kasumbalesa nayo si mbali, lakini msururu wa malori ya mpakani unaweza kumla mtu siku nzima.

Likasi iko katikati ya vipimo hivyo. Ni karibu kilomita 120 kutoka Lubumbashi, kwenye barabara ya taifa namba 1, yenye lami, na magari ya abiria hayakosekani. Usiku mmoja unatosha kwenda, kutembea na kurudi bila kukimbizana na giza.

Likasi kuna nini

Likasi ni mji mkubwa wa pili wa jimbo. Umejengwa kati ya vilima, na kwa hiyo kuutembea kwa miguu kuna faida: barabara inapanda kidogo, na mtu anaona kwa mara moja mabati ya mitaa, mabomba ya viwanda na pori nyuma yake. Wakati wa ukoloni uliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, Mbelgiji aliyekuwa kati ya waanzilishi wa Union Minière du Haut-Katanga mwaka 1906. Reli, viwanda vya Shituru, nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kwa mistari: yote yanaonyesha mji uliojengwa kwa ajili ya shaba. Anayetembea na jicho wazi anasoma historia ya kazi ya wazee wake bila kufungua kitabu.

Kuna pia historia ya vita. Katanga ilijitangazia uhuru tarehe 11 Julai 1960 chini ya Moïse Tshombe. Mwaka uliofuata, kuanzia tarehe 13 hadi 17 Septemba 1961, askari wa Ireland wapatao 150 waliotumwa na Umoja wa Mataifa walizingirwa hapo Jadotville na majeshi ya Katanga pamoja na mamluki. Walipigana mpaka risasi na maji vikawaishia, wakajisalimisha bila hata mmoja wao kufa, na baadaye wakaachiliwa. Mwaka 2016 ilitoka filamu juu ya mapigano hayo. Watu wa nchi za mbali wanalijua jina Jadotville kwa sababu ya siku hizo tano, wakati vijana wengi waliozaliwa kilomita 120 kutoka hapo hawajawahi kusikia habari yake.

Anayependa maji kuliko majengo ana ziwa Tshangalele, upande wa mashariki. Ziwa hilo lilitengenezwa na watu: mto Lufira ulizibwa kule Mwadingusha, na bwawa likaanza kutoa umeme kwa ajili ya migodi mnamo mwaka 1930. Leo wavuvi wanaishi kandokando yake. Lakini kwa siku mbili, ni afadhali kuchagua kimoja: ama mji, ama ziwa. Anayetaka vyote atarudi amechoka, na hatakumbuka vizuri hata kimoja.

Mahali pamoja pasiwekwe kwenye mpango. Shinkolobwe, karibu na Likasi, ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya uranium ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Jina lake linavuta, lakini mgodi umefungwa rasmi, na hapo si mahali pa matembezi. Kwa jumla, migodi, mabwawa ya umeme, madaraja na kambi za askari hazipigwi picha bila ruhusa. Simu ikitolewa mahali pasipofaa, Jumamosi nzima inaweza kuisha kwa maelezo ofisini.

Kuanzia Jumatatu

Chukua mfano wa mwalimu wa shule ya msingi anayekaa komine ya Katuba. Mshahara wake anaujua, watoto wa ndugu anaowasaidia anawajua, na hana pesa ya kutupa. Safari yake haianzi Jumamosi. Inaanza Jumatatu, kwa hesabu.

Jumatatu anauliza bei, na hamwulizi yule anayemwitia abiria kwenye parkingi. Anauliza watu waliotoka Likasi wiki ileile: mfanyakazi mwenzake, mama anayeuza sokoni, mkristo wa parokia yake. Jumanne anatafuta pa kulala. Nyumba za wageni za parokia na za watawa mara nyingi ni tulivu na bei yake inaeleweka, lakini milango yake hufungwa mapema, na hilo lazima liulizwe. Anapiga simu mwenyewe, anataja jina, anauliza kama kuna maji na umeme, anaandika jina la aliyemjibu. Kufika bila nafasi usiku, katika mji usioujua, ndipo mtu anapokubali bei yoyote na mlango wowote.

Jumatano anagawa pesa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la kurudi. Linatengwa kabla ya chakula na kabla ya kitanda, linawekwa mbali na mengine, na haliguswi hata kama mtu ameona kitambaa kizuri sokoni. Fungu la pili ni la kulala na kula. La tatu ni la ghafla: gari likiharibika njiani, homa ikimpata, mvua ikimfunga. Kama mafungu matatu hayatoshi, safari inasogezwa hadi mwezi ujao, na hakuna aibu. Kukopa kwa ajili ya mapumziko ni kununua wasiwasi.

Pesa yenyewe nayo inatazamwa. Noti ya dola iliyopasuka hata kidogo inakataliwa na wauzaji wengi, na noti za dola moja ni hivyohivyo. Mwenye dola azibadilishe Lubumbashi, kwa mtu anayemjua, ili awe na franka ndogondogo za pikipiki, maji na mikate. Kiasi kidogo kinaweza kubaki kwenye simu.

Alhamisi ni siku ya karatasi na mfuko. Kadi ya mchaguzi, ambayo kwa Wakongomani wengi ndiyo kitambulisho, inawekwa pamoja na nakala yake, kila moja mahali pake. Nguo ni chache, na hali ya hewa haisahauliki: kuanzia Novemba hadi Aprili mvua inaweza kunyesha alasiri yoyote, na mwezi wa Juni na Julai usiku wa Katanga unauma kwa baridi. Koti moja linatosha. Dawa ambazo mtu anazoea kunywa, chaja ya simu, chupa ya maji: mfuko ukizidi kile ambacho mtu anaweza kubeba akitembea nusu saa, kitu kimoja kitoke.

Barabarani

Barabara ya Likasi ni nzuri kwa lami, lakini inabeba malori mazito ya shaba na ya tindikali za migodini. Mchana dereva anayaona. Usiku lori lililoharibika bila taa linaweza kuua. Kwa hiyo sharti ni moja: kuondoka asubuhi na kufika mchana, kwenda na kurudi. Basi dogo linaondoka likijaa, si kwa saa iliyoandikwa, na mtu anayefika parkingi mapema ndiye anayebaki na nafasi ya kuchagua. Gari lililopakia kupita kiasi linaachwa liende. Dereva anayenuka pombe anaachwa pia, hata kama nauli imelipwa.

Njiani kuna magunia ya makala, na wakati wa mvua kuna uyoga na viwavi vya porini vinavyouzwa na ba mama. Salamu nzuri na franka chache zinafungua mazungumzo, na mazungumzo hayo ni sehemu ya safari. Kuuliza si ujinga: mama anayeuza barabarani anajua ni wapi maji ni mabaya na ni mtaa gani hauingiliwi jioni.

Jina moja nyumbani

Kabla ya kuondoka, mwalimu huyo wa Katuba anamwachia mdogo wake karatasi. Imeandikwa mahali atakapolala, simu ya pale, na saa atakazopiga: akifika, Jumamosi jioni, na akipanda gari la kurudi. Ujumbe mfupi unatosha. Nambari mbili tatu ameziandika pia kwa kalamu na kuzitia mfukoni, kwa sababu simu inaibwa na betri inaisha. Na wamekubaliana jambo moja zaidi: saa ikipita bila habari, mdogo wake atapiga simu kwanza kwenye nyumba ya wageni, kabla ya kuwatia hofu jamaa wote.

Kwa mwanamke, karatasi hiyo ina kazi ya pili. Njiani ataulizwa mara nyingi kama yuko peke yake, anakwenda kwa nani, analala wapi. Hana deni la kumwambia mgeni ukweli wote. Kusema “ninangojewa” kunatosha, na si uongo, kwa sababu kweli kuna mtu anayengoja simu yake. Pikipiki anaitiwa na watu wa nyumba ya wageni, chakula cha jioni anakula karibu na anapolala, na giza likiingia yuko ndani. Nyumbani nako, mambo yanakuwa mepesi akisema mapema na waziwazi. Safari iliyosemwa Jumatatu mbele ya baba na mama si sawa na safari iliyogunduliwa Jumamosi.

Jumapili

Siku ya kurudi haijazwi. Misa au ibada kwa anayesali, bukari na samaki mchana kwa aliyebakiwa na pesa, kisha parkingi mapema. Anayejaribu kuongeza saa mbili za mwisho ndiye anayejikuta barabarani usiku, akishindana na malori.

Na kwa ambaye hesabu ya Jumatano imemkatalia, Lubumbashi yenyewe haijaisha. Jumba la makumbusho la taifa katikati ya mji lina vitu ambavyo wazee wa Katanga walivifua na kuvitumia karne nyingi kabla ya Mzungu kufika, pamoja na misalaba midogo ya shaba iliyokuwa pesa yao. Nauli ya kule ni ya taksi tu.

Jumatatu asubuhi mwalimu yuko darasani. Ziwa hakuliona, kwa sababu alichagua mji; amelibakiza kwa kiangazi kijacho. Lakini somo la historia likifika mwaka 1961, hana haja ya kusema “inasemekana”. Anaweza kuchora ubaoni barabara, vilima na mji wa Likasi. Na majirani wakiuliza tena nani amekufa, atawajibu kwamba hakuna aliyekufa, na kwamba safari ijayo wanaweza kuondoka naye.