Mafuta ya harufu ndani ya gato: kachupa kadogo, kipimo kingine

Kuoka gato nyumbani ni kazi inayowasaidia mama wengi na vijana wengi katika miji ya mashariki, tangu Bunia mpaka Uvira. Siku ya kuzaliwa, komunyo, ndoa, mtoto amepata diplome: kila mara kuna mtu anayeleta komande. Na karibu kila muokaji anajua arome ya vanila, ile ya maji maji ya rangi ya kahawa. Kipimo chake hakisumbui mtu: kijiko cha chai kimoja, ao kifuniko kimoja cha chupa, basi kazi inaendelea.

Shida inaanza siku anaponunua mafuta ya harufu yenyewe, yale ya kachupa kadogo sana, ya machungwa, ya limau, ya mint ao ya mdalasini. Anamimina kijiko kilekile cha kila siku. Gato inatoka mu fuuru ikiwa nzuri kwa macho, lakini mdomoni ni chungu, ulimi unawaka, watoto wanaitema. Unga, mayai, sukari, margarini na makala vyote vimekwenda bure, na mwenye komande anadai makuta yake.

Mafuta hayo hayana kosa. Ni kwamba arome na mafuta ya harufu ni vitu viwili tofauti, hata kama majina yake yanafanana. Ndani ya chupa ya arome, harufu ni kidogo tu. Sehemu kubwa ni maji, alkoli ao kinywaji kingine kizito kisicho na ladha. Ndani ya kachupa ka mafuta, hakuna cha kuipunguza, ao ni kidogo sana. Ni harufu tupu.

Kila mtu amekwisha kuyaona mafuta hayo bila kujua. Chukua ganda la chungwa bichi, ulikunje kwa vidole karibu na moto wa mshumaa: matone madogo yanaruka na kuwaka cheche. Hayo ndiyo mafuta ya machungwa. Watoto wanajua mchezo mwingine, wa kukamulia ganda juu ya puto ya sikukuu, nayo inapasuka paa! Mafuta yale yanakula mpira. Yanakula pia plastiki za aina fulani, kama vikombe vyepesi vya kutumia mara moja na kutupa. Ndiyo maana mafuta ya harufu yanatunzwa katika chupa ya kioo na kupimwa kwa kijiko cha chuma. Na juu yanashika moto haraka, haifai kuyamimina ukiwa umeinama juu ya mbabula.

Sasa kipimo. Kwa harufu za upole kama vanila ao machungwa, wazoefu wanahesabu hivi: fasi resepti inaomba kijiko cha chai kimoja cha arome, ni kusema mililita 5, weka robo yake ya mafuta, kidogo zaidi ya mililita 1. Kijiko hakiwezi kupima robo vizuri. Seringi mpya ya farmasi, bila shindano, inafanya kazi hiyo bila makosa, mradi ioshwe palepale. Lakini mint, mdalasini na karafuu hazifuati hesabu ya robo. Hizo ni matone 2 ao 3 kwanza, kisha kuonja. Mafuta ya mdalasini na ya karafuu yanaunguza ngozi na ulimi; ya karafuu yanafanya hata mdomo ufe ganzi, na ndiyo sababu watu wanayatumia kwa maumivu ya meno.

Anayeogopa kukosea anaweza kuyapunguza mwenyewe. Mililita 1 ya mafuta ya harufu, mililita 9 za mafuta ya kupikia yasiyo na ladha, unatikisa ndani ya chupa ndogo ya kioo. Hapo kila mililita ina sehemu moja tu ya kumi ya nguvu, na mkono ukiteleza hasara si kubwa. (Si mawese, hapana. Mawese yataleta rangi yake na ladha yake.)

Wakati wa kuyaweka nao una maana. Mafuta hayaingiani na maji. Yanaingiana na mafuta mwenzake. Kwa hiyo yanawekwa pale mwanzoni, wakati wa kupiga margarini na sukari, kusudi yaenee fasi yote. Ukiyamwaga juu ya unga ya ngano ao ndani ya maziwa, yanabaki upande mmoja: kipande kimoja hakina ladha, kingine kinachoma. Moto nao unafukuza sehemu ya harufu, hata kama mafuta yanavumilia moto kuliko arome ya alkoli.

Krema ya juu ya gato haipikwi. Kila tone linaloingia linabaki. Kwa hiyo krema inapewa kidogo kuliko gato, nusu ya kipimo ao chini yake, tone kwa tone. Na hapa wengi wanaharibu kwa haraka: anaonja, anaona harufu haitoshi, anaongeza, anaongeza tena. Siagi inaachilia harufu polepole. Acha krema ipumzike dakika 15 ao 20 mbele ya kuonja mara ya pili, na ujue kwamba kesho yake itakuwa na nguvu kuliko leo. Gato ya ndoa ya siku ya posho inayopambwa siku ya tano usiku inataka kuhesabiwa hivyo.

Lakini kuna glasaji moja isiyotaka mafuta kabisa: ile nyeupe ya ute wa mayai na sukari ya unga, inayokauka na kuwa ngumu. Mafuta kidogo tu yanazuia ute kufanya povu, ao yanafanya glasaji ibaki laini bila kukauka. Hapo arome ya kawaida ndiyo inafaa. Kwa shokola iliyoyeyushwa ni kinyume: tone la maji ao la arome ya maji linaifanya igandamane kama mchanga, na mafuta ya harufu yanaingia bila shida.

Hayo yote ni mambo ya ladha na makuta. Lakini kuna jambo kubwa kuliko gato kuharibika. Soko na farmasi zinauza tuchupa twingi twa namna moja: mafuta ya kuchua mgongo, mafuta ya kuvuta wakati wa mafua, harufu ya kuweka ndani ya sabuni, na mafuta ya chakula. Pua haiwezi kuyatenganisha. Mafuta ya kuchua yananukia kama bomboni ya mint, lakini mengi yana dawa ya jamaa ya aspirini. Yale yanayoitwa gaultheria, kijiko cha chai kimoja yakiwa safi ni sawa na karibu gramu 7 za aspirini, ni kusema vidonge 14 vya miligramu 500. Kipimo hicho kinaweza kuua mtoto mdogo. Mafuta ya eukaliptusi, mti ambao Kivu nzima inaujua, mililita chache tu zinaweza kumletea mtoto degedege. Ya lozi chungu, kama hayakusafishwa, yana sumu ya sianidi.

Basi kinachosomwa ni etiketi. Iwe na neno "alimentaire", na tarehe ya mwisho. Ikiandikwa "usage externe" ni ya ngozi tu, isiingie jikoni. Kwa bidhaa zinazotoka Uganda ao Dubai zenye maandishi ya Kiingereza, neno "flavour" ni ladha ya kula, lakini "fragrance" ni harufu ya sabuni na pomadi. Maneno "huile essentielle", "pure" ao "naturelle" peke yake hayasemi kwamba inaliwa. Sumu nyingi ni za asili. Na kachupa kasicho na etiketi, hata kama muuzaji anaapa kwa mama yake, kabaki palepale kwa meza yake.

Mtoto akiwa amekunywa, asitapishwe, na asipewe mawese ao maziwa ya kumtapisha: mafuta yakirudi juu yanaweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja, pamoja na kachupa kenyewe, kusudi munganga ajue ni kitu gani.

Kuna pia njia isiyoomba kachupa, nayo inasahauliwa sana. Ganda la limau ao la chungwa lililooshwa, likikwanguliwa sehemu ya rangi tu bila ile nyeupe iliyo chungu, kisha likasuguliwa na sukari kwa vidole, linatoa mafuta yake yote ndani ya sukari. Gato ya namna hiyo haiwezi kuunguza mtu. Na vanila ya kweli si kitu cha ng'ambo: inalimwa upande wa Beni na wa Mambasa, na nyingi inavuka mpaka bila watu wa kwetu kuionja. Makapi yake, yakipasuliwa katikati na kulowekwa ndani ya alkoli ya kunywa ya digrii 35 ao zaidi, gramu 100 kwa litre, yanatoa arome baada ya miezi michache. Asiyetaka alkoli anazika kapi moja ndani ya kopo la sukari lililofunikwa vizuri, majuma 2 ao 3. Sukari ikiisha, kapi lilelile linawekwa ndani ya ingine, mpaka harufu imalizike.