Je, Wajua? Syrah Iliyokomaa Chupani

Je, wajua kwamba harufu ya pilipili manga kwenye divai nyekundu ya Syrah ni ya kweli kabisa? Mwaka 2008 watafiti wa Australia walitangaza kemikali inayoileta, rotundoni, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo ndani ya pilipili manga.

Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kuwa Syrah ni mtoto wa mizabibu miwili ya Ufaransa, Dureza na Mondeuse Blanche. Makao yake mashuhuri ni kaskazini mwa bonde la mto Rhône, kwenye kilima cha Hermitage. Divai ya huko, mwaka ukiwa mzuri, huweza kutunzwa miaka 20 na zaidi.

Ikiwa changa, huwa na rangi ya zambarau iliyokolea na ukakasi unaokaza ulimi kama bibo. Ukakasi huo hutokana na tanini. Miaka inavyopita, tanini na chembe za rangi hushikana, huwa nzito na kutuama chini kama mashapo. Divai hulainika, rangi huelekea ya tofali, na harufu ya matunda meusi hupisha ile ya ngozi, uyoga na nyama iliyokaushwa kwa moshi.

Kabla ya kuinywa, chupa husimamishwa wima siku nzima. Kisha divai humiminwa taratibu kwenye jagi la kioo, taa ikimulika shingo ya chupa. Mashapo yakifika hapo, mmiminaji huacha kumimina. Joto linaloifaa ni nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi.