Likizo ya Maabara: Utangulizi kwa Mwanafunzi wa Sayansi

Mwaka 1924 Clarence Cook Little, mwanajenetiki aliyekuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Maine huko Marekani, aliwachukua wanafunzi wachache wakapiga kambi Bar Harbor, kando ya bahari, wakashinda kiangazi wakichunguza viumbe. Maabara tunayoijua leo kwa jina la Jackson Laboratory ilianzishwa miaka mitano baadaye, 1929. Napenda mpangilio huo: wanafunzi walitangulia, maabara ikafuata.

Kiangazi cha 1955 walikutana hapo vijana wawili, David Baltimore, aliyekuwa bado sekondari, na Howard Temin, aliyemzidi miaka michache. Mwaka 1970, kila mmoja akiwa kwenye maabara yake, waligundua kimeng'enya kinachonakili RNA kuwa DNA, jambo ambalo wanabaiolojia wengi waliona haliwezekani. Mwaka 1975 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Renato Dulbecco. Virusi vya UKIMWI huzaliana kwa kimeng'enya cha aina hiyo, na tenofovir, dawa inayomezwa na wagonjwa wengi katika kliniki zetu, kazi yake ni kukizuia. Siku hizi kinauzwa kwenye kichupa kidogo kuliko kidole, na mwanafunzi anayejifunza kupima virusi vya RNA huenda akakishika wiki yake ya kwanza.

Sisemi kila anayekwenda maabara wakati wa likizo atarudi na Nobel. Wengi hurudi na picha za jeli zisizosomeka. Wanachokipata ni kitu ambacho darasa haliwezi kuwapa. Katika vitendo vya darasani jibu lipo tayari: mwalimu analijua, mafundi wa maabara wanalijua, na waliokutangulia mwaka jana wamekuachia daftari. Kwenye utafiti hakuna anayelijua, hata profesa mwenye jina lake mlangoni. Utajuaje basi kwamba ulichokiona ni kweli?

Chukua kazi ya kawaida kabisa: kutafuta vimelea vya malaria kwenye damu kwa njia ya PCR, yaani kunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane kama mstari kwenye jeli. Una sampuli ishirini. Msimamizi atakuambia uandae mirija miwili ya ziada, mmoja wenye DNA ya vimelea inayojulikana, mwingine wenye maji matupu. Mgeni huona huo ni ubadhirifu, maana kemikali ni ghali. Lakini ukimaliza na kukuta mstari umetokea hata kwenye mrija wa maji, ujue uchafu umeingia mahali fulani, na majibu yote ya siku hiyo hayana thamani, yakiwemo yale uliyoyapenda. Na mrija wenye vimelea usipoonyesha kitu, basi "hakuna malaria" ya mirija mingine haimaanishi chochote. Mwanafunzi akishaielewa mirija hiyo miwili, hata habari za dawa mpya gazetini huanza kuzisoma kwa jicho lingine: walilinganisha na nini?

Daftari nalo lina adabu yake. Andika kwa wino, weka tarehe, nakili namba ya toleo la kila kemikali. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja ili kilichokosewa kiendelee kusomeka. Karatasi haichanwi.

Nafasi zenyewe ni nyingi, ila soma masharti kabla ya kuota. Mpango mkubwa wa Marekani uitwao REU, unaofadhiliwa na shirika la taifa la sayansi, NSF, tangu 1987, hulipa posho raia na wakazi wa kudumu tu. Ikiwa wewe ni mtoto wa Wakenya au Watanzania waliohamia huko na una hadhi hiyo, ni mlango wako. Ukiwa Dodoma au Eldoret, usipoteze jioni zako kuujazia fomu. CERN, maabara ya fizikia iliyo karibu na Geneva, imepokea wanafunzi wa kiangazi tangu 1962, na huwachukua pia wa nchi zisizo wanachama, mradi wawe wamekamilisha miaka mitatu ya chuo. Taasisi za EPFL ya Lausanne na ISTA ya Austria nazo hupokea waombaji wa mataifa yote.

Nyumbani pia pana kazi ya kweli. Icipe ya Nairobi, iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, huchunguza wadudu. Kilifi na Ifakara malaria imechunguzwa kwa miongo mingi. Kama lazima uende mafunzo kwa vitendo, kwa nini ukapange mafaili ofisini?

Popote utakapoomba, usivutiwe mno na jina la taasisi. Uliza nani atakaa nawe mezani kila siku. Mara nyingi si profesa, ni mwanafunzi wa uzamivu, na yeye ndiye atakayeamua kama likizo yako itakuwa ya kujifunza au ya kuosha vyombo. Soma makala moja ya kundi unaloomba kujiunga nalo, hasa sehemu ya mbinu, kisha kwenye barua yako taja jambo moja ambalo hukulielewa. Barua ya sifa tupu hufanana na mia nyingine. Na kwa kuwa milango mingi ya ng'ambo hufungwa Januari na Februari, walimu watakaokuandikia mapendekezo waendee mwezi Novemba, kabla mitihani haijawazidi.