MAANA YA NENO "FLEMISH" KATIKA KIINGEREZA

Mtu asomaye vitabu au magazeti ya Kiingereza hukutana mara kwa mara na neno "Flemish". Neno hili ni fupi, lakini wengi hulikosea, hata Waingereza wenyewe. Basi leo twataka kueleza maana yake na namna ya kulitumia.

Yatupasa kuanza na nchi. Katika Ulaya, upande wa kaskazini wa Ubelgiji, iko nchi iitwayo Flanders. Miji yake mikubwa ni Antwerp, Ghent na Bruges. Zamani mipaka ya Flanders haikuwa kama ya leo. Sehemu moja ya nchi ile ya kale sasa imo katika Ufaransa, na nyingine imo katika Uholanzi.

Sisi wasemao Kiswahili twatangulia jina kwa silabi moja, na mara maana yatokea: Unyamwezi ni nchi, Mnyamwezi ni mtu, Wanyamwezi ni watu, Kinyamwezi ni lugha. Kiingereza hakina njia hiyo, bali hubadili mwisho wa neno, na pengine hata katikati yake. Nchi ni "Flanders". Mtu mmoja ni "Fleming", na wengi ni "Flemings". "Flemish" ni neno la sifa: huonyesha kitu, desturi au mtu wa nchi ile, tena ni jina la lugha yao. Kwa hiyo ni sawa kusema "He is a Fleming", na ni sawa kusema "He is Flemish"; lakini "He is a Flemish" ni kosa. Ukisema "the Flemish", maana yake ni watu wote wa taifa lile pamoja.

Waingereza walipataje kuwa na neno hili vinywani mwao? Sababu kubwa ilikuwa biashara. Sufu ya kondoo wa Uingereza ilipelekwa Flanders, na huko wafumaji hodari waliifanya nguo. Mwaka 1331 mfalme Edward wa Tatu alimpa mfumaji mmoja wa Flanders, John Kempe, hati ya ulinzi ili afanye kazi yake katika Uingereza. Wengine wengi walihamia huko, na watoto wao wakawa Waingereza. Ndiyo maana hata leo jina la ukoo "Fleming" laonekana sana katika Uingereza na Scotland. Alexander Fleming, mganga aliyevumbua dawa ya penisilini mwaka 1928, alikuwa Mskoti. Lakini jina lake maana yake ni mtu wa Flanders.

Neno hili limeshikamana na kazi za mikono pia. Waashi wa Uingereza huita "Flemish bond" namna moja ya kujenga ukuta: katika kila mstari tofali moja hulazwa kwa ubavu, na la pili kwa kichwa, hivyo hivyo mpaka mwisho. Wafugaji huita "Flemish Giant" sungura wa kufugwa aliye mkubwa kupita kawaida. Na katika habari za picha, "Flemish painting" ni kazi ya mafundi kama Jan van Eyck, aliyefariki Bruges mwaka 1441, na Rubens wa Antwerp, aliyefariki mwaka 1640.

Sasa twafika penye ugumu. Je, "Flemish" ni lugha mbali, au ni Kiholanzi? Katika vitabu, shule na serikali, watu wa Flanders huandika Kiholanzi kile kile ambacho Waingereza hukiita "Dutch". Mwaka 1980 Uholanzi na Ubelgiji zilifanya mapatano ya kuitunza lugha hiyo pamoja. Lakini matamshi na maneno mengine ya kila siku hutofautiana, kama Kimvita na Kiunguja hutofautiana, na vyote viwili ni Kiswahili. Kwa hiyo "Flemish" ni Kiholanzi kama kisemwavyo katika Flanders.

Jambo hili si la wanafunzi wa sarufi peke yao. Ubelgiji ilipojitenga na Uholanzi mwaka 1830, Kifaransa kilitawala katika serikali na mahakama, ingawa watu wengi hawakukijua. Mwaka 1860 wanaume wawili wa Flanders, Jan Coucke na Pieter Goethals, walihukumiwa kwa uuaji, na kesi yao iliendeshwa kwa Kifaransa, lugha wasiyoielewa vema. Walikatwa vichwa mjini Charleroi. Watu wa Flanders hawakusahau. Sheria ya mwaka 1873 ilikiingiza Kiholanzi katika kesi za jinai za Flanders. Sheria ya mwaka 1898 ilizipa lugha mbili hizo cheo kimoja katika kuandika sheria. Na mwaka 1930 chuo kikuu cha Ghent kilianza kufundisha kwa Kiholanzi.

Habari hizi zagusa Afrika pia. Wabelgiji walitawala Kongo tangu mwaka 1908 hata 1960, na wengi waliokwenda huko, hasa mapadre, walikuwa watu wa Flanders, wala Kifaransa hakikuwa lugha ya mama zao. Mmoja wao, Padre Placide Tempels, alikaa Katanga kati ya Waluba, akaandika kwa lugha yake kitabu juu ya fikra za Wabantu. Kilitolewa kwa Kifaransa mwaka 1945 mjini Elisabethville, ambao leo waitwa Lubumbashi.

Basi, mwanafunzi, ukitaka kumtaja mtu kama huyo kwa Kiingereza, waweza kuandika "Belgian", na hukukosa. Lakini ukiandika "Flemish", umesema na lugha aliyolelewa nayo.