Kompyuta Ikiganda na Kuzima Ovyo, Uliza Kwanza Saa

Siku hizi kompyuta si kitu cha ofisini tu. Hapa Unguja, mjini na shamba, utaikuta mezani karibu na redio na cherehani. Mtoto huandikia kazi zake za shule. Mama hutunzia hesabu za duka. Katibu wa jumuiya huweka humo majina ya wanajumuiya na michango yao. Mara nyingi si mashine mpya. Imenunuliwa mtumba, ikaja kwa meli kutoka Dubai au Ulaya, na fedha zake zimepatikana kwa jasho: kwa karafuu, kwa mwani, kwa samaki, au kwa mshahara mdogo.

Sasa siku moja mashine hiyo yaanza ukaidi. Kioo chaganda: kipanya hakisogei, herufi hazitoki. Au yazima ghafula, kisha yawaka yenyewe, na barua uliyokuwa ukiiandika imepotea. Kesho yake yafanya kazi vizuri kutwa nzima. Kesho kutwa yazima mara 5.

Hapo ndipo maneno huingia nyumbani. Baba amwambia mwanawe, "Wewe na michezo yako ndio mlioiharibu!" Mtoto akana, asiaminiwe, apigwe kofi. Jirani asema mashine ina shetani. Mwishowe baba akopa fedha, anunua nyingine. Baada ya mwezi mmoja, hiyo nayo yazima vile vile! Kumbe ugonjwa haukuwa katika mashine. Ulikuwa ukutani, katika umeme.

Katika Biblia, Yoshua bin Sira, sura ya 11, atuonya tusimlaumu mtu kabla ya kuchunguza. Neno hilo lafaa nyumbani kila siku, nalo lafaa hata mbele ya kompyuta. Mashine haigandi bila sababu. Kuna sababu, nayo huacha alama. Kazi yako ni kuitafuta kwa utaratibu: anza nje, kisha uende ndani.

OKOA KAZI YAKO KWANZA

Kabla ya kutafuta ugonjwa, hifadhi mali. Siku mashine inapowaka vizuri, usikae kuisifu. Nakili kila kitu cha maana katika flashi mbili. Moja weka nyumbani, ya pili mpe mtu mwaminifu aitunze nyumba nyingine. Mashine yaweza kununuliwa tena, lakini picha za harusi ya wazazi wako na hesabu za miaka 3 haziuzwi dukani.

Tena, wazoeze watoto kuhifadhi maandishi yao kila baada ya dakika chache, wasingoje mpaka mwisho.

DAFTARI LA SIKU 7

Sasa chukua daftari la shule na kalamu. Kwa siku 7, kila mara mashine inapoganda au kuzima, andika mambo 3: ilikuwa saa ngapi, ulikuwa ukifanya nini, na nyumbani mlikuwa na kitu gani kingine kinachotumia umeme. Usiandike unavyodhani, andika ulichokiona. Mwisho wa juma soma daftari lako. Mara nyingi saa ndiyo itakayokuonyesha mwenye kosa.

IKIZIMA JIONI, TAZAMA UMEME

Ikiwa mashine yazima hasa kati ya saa 12 jioni na saa 4 usiku, watu wanapowasha taa, feni, pasi na televisheni, shuku umeme kwanza. Vivyo hivyo ikiwa yazima wakati friji inapoanza kuvuma.

Sababu ni hii. Umeme wa nyumbani kwetu hutakiwa kuwa volti 230. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna sanduku la chuma linalopokea umeme huo na kuugeuza kuwa mdogo sana, volti 12, volti 5 na volti 3.3, ndio unaotumiwa na mashine. Umeme ukishuka mno, hata kwa kufumba na kufumbua, sanduku hilo hushindwa kazi, na mashine huzima. Taa hupepesa tu na kuendelea, kompyuta haiwezi. Ndiyo maana mtu husema, "Umeme haukukatika, mbona imezima?" Haukukatika, lakini ulishuka. Na kadiri nyumba yako ilivyo mbali na transfoma, ndivyo umeme unavyofika umechoka.

Wazanzibari twajua vizuri shida ya umeme. Umeme wetu huvuka bahari kwa waya uliolazwa chini ya maji, kutoka Ras Kiromoni huko bara mpaka Fumba, mwendo wa karibu kilomita 37. Waya wa kwanza ulilazwa mwaka 1980. Mwezi wa Mei na Juni 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima. Tena, tangu Desemba 10, 2009 mpaka Machi 2010, giza lilirudi likakaa miezi 3. Mwaka 2013 waya wa pili ulifunguliwa, wenye uwezo wa megawati 100, uliojengwa kwa msaada wa Marekani, na hali ikawa bora. Lakini katika miezi ile ya giza watu wengi walinunua jenereta ndogo, na wengine wanazitumia hata leo. Ujue kwamba umeme wa jenereta ndogo hupanda na kushuka, hasa mafuta yanapokaribia kwisha. Huo ni adui wa kompyuta.

Basi fanya hivi. Kwanza, tazama soketi na plagi: je, zimelegea, au zina alama ya kuungua? Ekstensheni moja isibebe kompyuta, pasi na friji pamoja. Pili, peleka mashine kwa jirani mwenye umeme mzuri, au katika ofisi ya parokia kwa ruhusa, uitumie siku 2. Ikitulia huko, umeshajua: mashine ni nzima. Ikiwa ni kompyuta ya mapajani yenye betri nzima, jaribio ni rahisi zaidi. Chomoa waya, itumie kwa betri tu. Ikiacha kuganda, umeme ama chaja yake ndiyo yenye kosa.

Dawa ya umeme mbaya ni stabilaiza, ambayo hujitahidi kuushikilia umeme pahali pamoja, au kifaa kiitwacho UPS, ambacho kina betri ndani na hukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu. Bei yake ni ndogo kuliko kompyuta mpya. Na ikiwa nyumba zote za mtaa wenu zina umeme dhaifu, msinung'unike barazani tu. Pelekeni habari kwa Shirika la Umeme, ZECO, mkiwa na daftari lenye siku na saa. Malalamiko yenye tarehe husikilizwa upesi zaidi.

Onyo moja: nyuma ya baadhi ya kompyuta za zamani kuna swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230. Hapa kwetu lazima iwe 230. Waambie watoto wasiiguse kamwe, maana ikisogezwa kwenye 115, mashine itaungua pale utakapowasha.

IKIGANDA MCHANA, TAZAMA JOTO

Ikiwa daftari laonyesha saa 7, saa 8, saa 9 mchana, tena wakati wa kaskazi, na hasa baada ya mashine kufanya kazi nzito kwa nusu saa au zaidi, shuku joto.

Ndani ya kompyuta kuna kipande kidogo kifanyacho mahesabu yote, kiitwacho prosesa. Hicho hupata moto sana. Juu yake pana mapezi ya chuma na feni ya kukipoza. Joto likikaribia nyuzi 100, mashine hujizima yenyewe ili isiungue. Basi kuzima kwake si ukaidi, bali ni kujiokoa! Na kwetu feni hizi huziba upesi: vumbi la njia zetu, nyuzi za kanga na makuti, na hewa ya bahari yenye chumvi hushikana pamoja kama ukoko.

Jaribio lake ni hili. Elekeza feni ya nyumbani penye matundu ya kompyuta, uitumie kama kawaida. Ikiacha kuganda, ni joto. Zima kabisa, chomoa waya ukutani, fungua ubavu wa sanduku, upanguse vumbi kwa brashi laini na kavu. Shikilia mapanga ya feni yasizunguke. Usipulize kwa mdomo, maana mate huingia ndani. Kama vumbi limekwisha na joto bado, mwambie fundi abadilishe ile dawa nzito ya kupitisha joto iliyopakwa kati ya prosesa na mapezi. Hukauka baada ya miaka mingi.

Tazama pia pahali ulipoiweka. Kompyuta ya mapajani isilazwe juu ya godoro wala mto, maana matundu yake huzibwa. Ile ya mezani isibanwe ukutani, hasa katika nyumba za Mji Mkongwe. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hushika unyevu wakati wa masika. Acha nafasi ya kiganja kimoja. Tena usiifunike kwa kitambaa kizuri wakati inawaka. Kitambaa ni cha baada ya kuzima.

IKIGANDA SAA YOYOTE, TAZAMA KUMBUKUMBU

Huenda daftari lisionyeshe saa maalum. Yaganda asubuhi, yaganda usiku, kwa umeme mzuri na kwa hewa baridi. Hapo tazama vile vipande virefu vyembamba vya kumbukumbu, ambavyo mafundi huviita RAM. Meno yake ya shaba huingiwa na uchafu na chumvi ya bahari, yasishike vizuri.

Chomoa waya wa umeme, na kama ni kompyuta ya mapajani toa na betri. Gusa chuma cha sanduku ili umeme wa mwilini mwako utoke. Toa vipande hivyo kwa upole, sugua meno yake taratibu kwa ufutio safi wa penseli, pangusa, kisha virudishe mpaka vishike. Kama viko 2, jaribu kimoja kimoja. Ikiwa mashine yatulia na kimoja, yaganda na kingine, umempata mwenye kosa. Kama mashine yako hutumia Windows, andika mdsched mahali pa kutafutia. Itaanza upya na kuipima kumbukumbu yenyewe.

IKIGANDA PENYE KAZI ILE ILE

Ikiwa yaganda kila ufunguapo picha fulani au programu fulani, huenda ni diski au programu. Diski inayokufa huifanya mashine kuduwaa dakika nzima, na nyingine hutoa sauti ya kugonga, ta-ta-ta. Ukisikia sauti hiyo usijaribu lolote ila kunakili kazi zako upesi, kisha badilisha diski.

Ikiwa diski ni nzima, ondoa programu uliyoiweka karibu na siku ugonjwa ulipoanza. Tafuta virusi, ambavyo husafiri kwa flashi za kuazimana. Ujue pia kwamba Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya bure ya kawaida Oktoba 14, 2025, basi mashine yenye programu hiyo yataka uangalifu zaidi. Tena Windows huweza kuwasha upya mashine yenyewe baada ya kosa kubwa, hata usiwahi kusoma lililoandikwa. Mwombe kijana anayejua aondoe agizo hilo. Kioo cha bluu kitakaa, na utaona namba ya kosa. Iandike katika daftari.

MAHALI PA KUSIMAMA

Kuna mlango mmoja usioufungua: lile sanduku la umeme ndani ya kompyuta. Hata baada ya kuchomoa waya, hubaki na umeme wa kuumiza, pengine kuua. Likishukiwa, lisifunguliwe, libadilishwe zima. Kazi hiyo ni ya fundi.

Na uendapo kwa fundi, peleka daftari lako. Mtu aendaye na neno "imeharibika" tu, huuziwa vipande asivyovihitaji. Aendaye na kusema, "Yazima saa 1 jioni nyumbani, lakini kwa jirani haizimi," huyo hapotezi fedha yake. Vipande vya zamani omba urudishiwe.

Ninyi wazazi, fanyeni kazi hii pamoja na watoto wenu. Yule mliyekuwa mkimshtaki, mpeni yeye daftari aandike saa. Atajifunza kutazama, kungoja na kusema kweli, mambo ambayo yatamfaa shuleni na maishani. Na ikiwa siku ya 7 daftari laonyesha kwamba kosa ni la soketi legevu au la feni iliyoziba vumbi, basi baba, mwite mwanao umwambie mbele ya mama yake kwamba hakuwa na hatia. Mashine hutengenezwa kwa bisibisi, lakini moyo wa mtoto aliyeonewa hutengenezwa kwa neno hilo tu.